Nyama za paja zinachanika kila wiki na jimu hatuna: tupange vipi tizi?

Benchi la Ufundi

Wakuu, habari za jioni. Timu inacheza ligi daraja la tatu ngazi ya mkoa. Wachezaji 22, umri miaka 18 hadi 27, wengi mchana wako kwenye vibarua. Mazoezi ni Jumanne hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi jioni mpaka giza linapoingia. Mechi ni Jumapili.

Ndani ya wiki saba tumepoteza watano kwa nyama za paja. Wote ni mawinga na mabeki wa pembeni, na wanne kati yao waliumia baada ya dakika ya 65 wakiwa wamefungua mbio. Jumanne tunakimbia mizunguko 12 ya uwanja, Jumatano na Alhamisi ni mchezo mdogo na mbinu, Ijumaa mipira ya kutengwa. Kila siku kabla ya kuanza tunajinyoosha dakika kumi.

Vifaa: koni 20, benchi mbili za mbao, ndoo, viroba, ngazi za jukwaa. Tukate nini, tuweke nini, na kwa kiasi gani? Naomba namba, si "ongezeni mazoezi ya nguvu".

---

Chuma na Ugali

Mkuu, ratiba yako yenyewe inaonyesha tatizo lilipo. Mizunguko 12 ni zaidi ya kilomita 4 za mwendo wa pole. Mchezo mdogo wa wanne kwa wanne kwenye mita 30 kwa 20 nao hauna nafasi: mtu akipiga hatua sita mstari umeshafika. Kwa hiyo winga wako anaikuta kasi yake kamili siku moja tu kwa wiki, Jumapili, tena akiwa ameshachoka. Msuli haujawahi kuzoeshwa kazi unayodaiwa.

Msuli wa nyuma ya paja unakuwa hatarini zaidi pale mguu unaporushwa mbele, goti linakunjuka, na msuli unalazimika kuufunga breki huku wenyewe ukirefuka. Nguvu inayokosekana ni hiyo ya kukaza wakati unarefuka. Dakika kumi za kujinyoosha mmesimama haziileti, na ukimshikilia mtu kwenye mkunjo mmoja zaidi ya dakika nzima kabla ya mbio, unampunguzia mlipuko. Kujinyoosha kuhamie mwisho wa mazoezi.

Futa mizunguko. Jumanne iwe siku ya nguvu, dakika 30, baada ya kugusa mpira. Ukianza na nguvu, watakwenda kwenye mbio na mapaja yaliyochoka, na hapo ndipo pa kuchanika.

La kwanza ni Nodiki. Mchezaji anapiga magoti juu ya kipande cha godoro, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa uzito wake wote. Kuanzia goti hadi bega awe mstari mmoja. Anajishusha mbele polepole, sekunde 3 hadi 5, akizuia kwa nyuma ya paja. Akishindwa anajidaka kwa mikono, anajisukuma kurudi juu, anaanza tena. Kupanda si kazi ya zoezi hili, kushuka ndiko kazi. Makosa ni yale yale kila mahali: anakunja nyonga na kubinua makalio nyuma (zoezi linakuwa jepesi na halina faida), anadondoka kama gogo kuanzia katikati, au mshikaji ni mwepesi na vifundo vinanyanyuka.

Kiasi: wiki ya 1, siku moja, seti 2 za marudio 5. Wiki ya 2, siku mbili, seti 2 za 6. Wiki ya 3 na ya 4, seti 3 za 6 hadi 8. Ratiba asilia ya zoezi hili inakwenda siku tatu kwa wiki na kufika seti 3 za 12, 10 na 8, lakini hiyo ni ya kipindi cha maandalizi. Ligi ikiwa inaendelea, mkishafika wiki ya 4 bakini na siku moja, seti 2 au 3 za 6. Msianze na 10 kwa sababu tu vijana wana morali. Maumivu ya siku ya pili yake yatawafanya watembee kama bata, na wiki inayofuata hakuna atakayekubali kupiga magoti.

La pili, skwati ya mguu mmoja, mguu wa nyuma ukiwa juu ya benchi, kiroba kimekumbatiwa kifuani. Seti 3 za 8 kila mguu. Goti la mbele lifuate vidole, lisiingie ndani. Mapumziko dakika moja na nusu.

La tatu, daraja la mguu mmoja: unalala chali, kisigino juu ya benchi, goti limekunjwa kidogo, unanyanyua makalio mpaka nyonga inyooke. Hili ni zoezi na pia ni kipimo. Mhesabie mtu marudio mpaka ashindwe: chini ya 20 ni dhaifu, 25 ni wastani, zaidi ya 30 ni vizuri. Wapime wote Jumanne hii, kila mguu peke yake, andika kwenye daftari. Sitashangaa wale watano wakionekana humo.

La nne, plenki ya ubavu huku mwenzako ameshika mguu wa juu, mguu wa chini unapanda kuufuata. Hii ni ya kinena, maana ukitibu paja pekee, mwezi ujao utakuja na uzi wa kinena. Wasiozoea washikwe gotini badala ya kifundoni. Seti 2 za 6 kila upande.

Malizeni na ngazi za jukwaa: kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja, marudio 15 goti likiwa limenyooka na 15 likiwa limekunjwa.

Waliocheza zaidi ya dakika 60 Jumapili, Jumanne wafanye seti moja tu ya kila zoezi.

---

Mkimbia Mchanga

Naheshimu, ila mizunguko imelea wachezaji tangu enzi na enzi. Wapeleke Coco Beach wakimbie mchangani dakika 40 mara mbili kwa wiki uone kama kuna mtu atakata pumzi dakika ya 65. Wanaumia kwa sababu ya uchovu, si kwa sababu ya kukosa hizo skwati za benchi.

---

Kipimo Kwanza

Mkimbia Mchanga, kwenye uchovu uko sahihi. Dawa ndiyo siyo. Kukimbia kwenye mchanga laini kunakula nishati takriban mara 1.6 ya ardhi ngumu, kwa hiyo moyo unafanya kazi kweli. Lakini mguu unazama, unakaa chini muda mrefu, na kasi ya juu haifikiwi hata kwa bahati mbaya. Ni kazi nzuri ya maandalizi kabla ya ligi kwa mtu mwenye visigino vizima. Katikati ya msimu unawachosha Jumatano bila kuwafundisha mbio za Jumapili.

Pumzi ijengwe Jumatano hivi. Kwanza kipimo: kila mtu akimbie dakika 5 kwa nguvu zote kuzunguka uwanja ulioupima, andika mita. Gawa kwa 300 (sekunde za dakika 5) upate kasi yake. Aliyefika mita 1,350 ana mita 4.5 kwa sekunde. Aliyefika 1,500 ana mita 5.

Sasa panga mbio za sekunde 15 kazi, sekunde 15 kusimama, kwa asilimia 110 ya kasi hiyo. Wa kwanza: 4.5 mara 15 mara 1.1, karibu mita 74. Wa pili: mita 82 na nusu. Tenga koni kwa makundi matatu au manne, kila kundi na mstari wake. Kocha wengi hapa ndipo wanapoharibu: wote wanakimbia mstari mmoja, kipa na beki wa kati wanatapika, winga anatembea. Dakika 8 ni mbio 16. Pumzika dakika 3, rudia mara moja. Wiki mbili za mwanzo fanyeni dakika 6. Rudia kipimo baada ya wiki sita.

Mchezo mdogo usiuache, dakika 4 mara 4 unajenga pumzi vizuri. Ila usiuhesabu kama mazoezi ya kasi.

Kasi ni Alhamisi, mara baada ya kupasha, kabla ya mbinu. Wiki ya 1: mbio 4 za mita 20. Wiki ya 2: 4 za mita 30, kwa asilimia 90 hivi ya uwezo. Kuanzia wiki ya 3: mita 20 za kuongeza mwendo, kisha mita 20 za kasi kamili kati ya koni mbili, halafu kupunguza taratibu kwa mita 30 zaidi. Wengi wanaumia kwa kufunga breki ghafla, kwa hiyo usipange mbio zinazoishia ukutani au kwenye mtaro. Mbio 4 hadi 6, basi. Mapumziko dakika 2 na nusu hadi 3 kila baada ya mbio. Watakuambia wamepoa na wako tayari baada ya sekunde 40, usiwasikilize. Mbio bila mapumziko ni zoezi la pumzi lililovaa jezi ya kasi.

Ukitaka kupima, usitumie saa ya kubonyeza. Kidole kinakosea kama sehemu mbili za kumi za sekunde, na mita 20 za mtu mwepesi hazifiki hata sekunde 3. Weka simu pembeni, rekodi mwendo wa polepole, hesabu picha kati ya koni na koni. Muda ukiongezeka kwa zaidi ya asilimia 5, huyo amemaliza kwa leo.

Kupasha: programu ya FIFA 11+ inatosha, dakika 20, mbio nyepesi, kisha nguvu na mizani, kisha mbio za kasi. Angalia tu kwamba ndani yake Nodiki imo, marudio 3 hadi 5 kwa anayeanza. Siku mnazoifanya yote, toa hesabu hiyo kwenye Nodiki za Jumanne.

---

Benchi la Ufundi

Shukrani sana, hizi ndizo namba nilizotaka. Mambo matatu. Viroba: mchanga unahamahama na ndoo zinakatika mikono. Pili, hao watano tuwarudishe vipi? Mmoja ana wiki mbili tangu aumie, anasema yuko fiti na anataka sindano ya maumivu acheze Jumapili. Tatu, chakula: wengi wanakula mlo mmoja wa maana kwa siku.

---

Chuma na Ugali

Ndoo ya lita 20 ukijaza maji ni kilo 20, ukijaza mchanga mkavu inapita kilo 30, ndiyo maana mkono unang'oka. Fanya hivi: pima mchanga mkavu kilo 5 kwenye mifuko midogo, funga kila mmoja na utepe, halafu iingize kwenye kiroba cha unga kilichowekwa ndani ya kiroba kingine. Mchanga hauhami, na unaongeza uzito kwa tano tano. Anza na kilo 10 kwenye skwati ya mguu mmoja. Mtu akimaliza seti zote tatu za 8 bila kuyumba, wiki inayofuata ongeza 5. Mchanga uwe mkavu kweli. Wenye unyevu unadanganya uzito na unaozesha kiroba.

Wengine wanamwaga zege kwenye makopo ya rangi wakiunganisha kwa bomba. Inafaa, ila mwagilieni zege na kuliacha angalau siku saba kabla ya kunyanyua, la sivyo kopo linachomoka juu ya kichwa cha mtu.

Chakula kwa kifupi: mchezaji wa kilo 65 analenga karibu gramu 100 za protini kwa siku. Gramu 50 za dagaa wakavu zinampa kama 30, mayai mawili 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, nusu lita ya maziwa 16, na zilizobaki zinatoka kwenye ugali na chapati zenyewe. Kama bajeti ya timu ina chochote, nunueni dagaa na maziwa ya baada ya mazoezi kabla ya kufikiria unga wa makopo. Na chai isinywewe pamoja na mlo, inazuia madini ya chuma. Isubiri saa moja.

---

Tabibu wa Viungo

Sindano hapana. Maumivu ndiyo king'ora pekee alichonacho, na sindano inakizima wakati uzi haujashona. Wengi wanaorudia kuumia wanarudia ndani ya majuma machache ya kwanza baada ya kurejea, na jeraha la pili mara nyingi linakaa nje muda mrefu kuliko la kwanza.

Siku mbili tatu za mwanzo: hakuna kukanda kwa nguvu, hakuna maji ya moto, hakuna kuvuta mguu "ufunguke". Barafu kwenye kitambaa kwa maumivu, na kutembea kadiri asivyochechemea. Aliyesikia mlio wa "pa", akapata weusi unaoshuka kuelekea goti, au asiyeweza kutembea bila kuchechemea baada ya siku chache, aende hospitali yenye kipimo cha ultrasaundi. Kama maumivu yako juu kabisa, kwenye mfupa wa kukalia, asisubiri hata hizo siku.

Kisha ngazi, na hapandi inayofuata mpaka ya sasa isiume hata kesho yake asubuhi: daraja la miguu miwili, daraja la mguu mmoja, mbio za pole, mbio za asilimia 60, 70, 80, 90. Nodiki zinaanza pale anapokimbia pole bila maumivu, marudio 3 tu kwanza.

Ruhusa ya kucheza inatokana na mambo matatu. Daraja la mguu mmoja, tofauti kati ya miguu isizidi asilimia 10: wa mzima akifanya 28, wa jeraha afike 26 au zaidi. Akilala chali na kuurusha mguu ulionyooka juu kwa kasi, asisite wala kuogopa. Na awe amemaliza siku mbili kamili za mbio za kasi ya juu zile za Alhamisi, pamoja na timu.

Kwa hiyo huyo wa wiki mbili, hata daraja likikubali Jumanne, Alhamisi anakimbia kwa asilimia 80 tu, na Jumapili anakaa benchi na nguo zake za nyumbani. Ukimvalisha jezi, dakika ya 60 mkiwa nyuma kwa bao moja utamwingiza.