Ni ushindi gani mlioufurahia kuliko yote katika michezo ya kompyuta ya mikakati ya zamu, ambako kila upande husubiri zamu yake kusogeza askari?

Mchezaji wa Kirumba
Habari zenu, ndugu zangu. Hapa Mwanza wengi wanaokwenda kwenye vibanda vya michezo hucheza mpira, na anayetumia nusu saa kutafakari hatua moja huonekana mtu wa ajabu, ingawa wazee wetu wa Kisukuma wamekuwa wakifanya hivyo kwenye isolo, bao letu la kete, tangu zamani. Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaonielewa.

Ushindi wangu ulitokana na Battle for Wesnoth, mchezo wa bure ambao hata kompyuta kuukuu huumudu. Askari wangu wa kibinadamu huongezewa nguvu kwa asilimia 25 mchana na kupunguziwa kiasi hicho hicho usiku, ilhali maorki, majitu ya hadithi tunayopigana nayo, ni kinyume chao. Nilirudi nyuma usiku kucha, nikimwacha mpiga mkuki mmoja awe chambo, hadi asubuhi ilipowakuta maorki katikati ya mto, mahali ambapo mapigo manne kati ya matano huwapata. Askari wangu nguva, nusu mtu nusu samaki, ambao majini ndiko kwao, waliwafungia njia ya kurudi, na wapanda farasi wakamwendea kiongozi wao aliyebaki ngomeni bila mlinzi.

Dada wa Bukoba
Hongera, kaka. Mimi napenda Into the Breach, wa mwaka 2018, kwa sababu uwanja wake ni miraba 8 kwa 8 tu na adui hukuonyesha mapema atakapopiga, kwa hiyo ukishindwa huna wa kumlaumu. Katika zamu ya mwisho ya kisiwa kimoja, umeme wa majengo niliyoyalinda, ambao ukiisha umeshindwa, ulibaki kidogo mno, na maadui wawili, wadudu wakubwa, walikuwa wameyalenga. Nilimsukuma mmoja mraba mmoja pembeni, naye akampiga mwenzake akafa, kisha roboti wangu akajiweka mbele ya jengo la pili na kupokea pigo lililosalia. Hakuna jengo lililoguswa.

Mzee wa Musoma
Ninyi mnasifia mipango, lakini mimi nasema utamu umo pia katika bahati. Katika XCOM: Enemy Unknown, mchezo wa kupigana na wavamizi kutoka anga za mbali, askari akifa hafufuki, na niliwahi kubakiwa na mmoja, mwenye nafasi ya asilimia 35 ya kulenga shabaha, mbele ya adui ambaye angemmaliza katika zamu iliyofuata. Risasi ilipata. Niliruka kitini, na mke wangu akadhani Taifa Stars wamefunga.

Mchezaji wa Kirumba
Mzee wangu, nakubali kwamba ulishangilia, ila ungekuwa na bomu la mkono la kubomoa kificho chake, usingehitaji miujiza.

Mzee wa Musoma
Bomu lilikuwa kwa askari aliyekufa, mwanangu.

Mkazi wa Nyakato
Katika Civilization V, mchezo wa kukuza taifa, Ziwa Victoria ni ajabu la asili linalotoa chakula 6, nami nilibahatika kujenga mji kando yake, ukakua upesi na kuzaa wanasayansi wengi. Chombo cha angani, ambacho ukikirusha umeshinda, huhitaji vipande 6, na kila kipande lazima kisafirishwe hadi mji mkuu. Kipande cha mwisho kilikuwa bado njiani wakati majeshi ya adui yangu Shaka, mfalme wa Wazulu, yalipokuwa yakibomoa kuta, nami nikatoa mizinga yangu yote kuilinda barabara badala ya mji. Kiliingia langoni, chombo kikaruka, naye Shaka akabaki na mzingiro wake.