Naomba ushauri: libxml2 nimekompaili mwenyewe ila programu yangu haiioni

Wakuu habari zenu, nipo Tanga hapa Ngamiani, naandika kiprogramu cha C cha kusoma mafaili ya XML ya mizani ya katani, sasa libxml2 (maktaba ya C ya kusoma XML) iliyokuja na Ubuntu yangu ni ya zamani nikaona bora nikompaili sosi kodi mwenyewe. Nimevuta kwa git, mule configure (skripti ya kuandaa kompaili) hamna kabisa, kumbe unaanza na autogen.sh na lazima uwe na autoconf, automake na libtool (zana za kuitengeneza hiyo configure), hapo bando likakata. Nikaweka --prefix (mahali pa kusakinisha) kwenye folda yangu ya home, python nikaizima sina kazi nayo, make ikapita, make install ikapita, nilifurahi mno. Ila nikipiga ldd (amri ya kuonyesha programu inapata wapi maktaba zake) kwenye programu yangu inaniletea "libxml2.so.16 => not found" na faili lenyewe nikiangalia kwenye lib lipo!! Ya mfumo inaishia .so.2, ile sitaki kuigusa maana programu kibao zinaitegemea na laptop ya kazi ndo hii hii. Sasa nitumie LD_LIBRARY_PATH (kuiambia mfumo folda ya maktaba) kila nikiiwasha programu, au niweke rpath (njia ya maktaba ndani ya programu yenyewe) wakati wa kukompaili? Alhamisi naipeleka shambani Muheza kwenye mashine nyingine, naombeni sana mwenye uzoefu anielekeze.