Ushauri: niombe PhD ya uchumi Marekani sasa, au nisaini miaka 2 ya utafiti vijijini?

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 26 na shahada ya uchumi ya hapa Tanzania. Ndoto yangu ni kufundisha na kutafiti chuo kikuu, Marekani ikiwezekana. Sasa hivi ni mdadisi kwenye utafiti wa kilimo, nimepewa mkataba wa miaka 2 niwe msimamizi. Kaka anasema nitazeeka na kishikwambi mkononi huku wenzangu wanasoma.

Jana nimemuuliza mama mmoja kavuna mahindi kilo ngapi. Akanyanyua debe lililobonyea ubavuni: "Mwanangu, mimi napima kwa hili." Dodoso linataka kilo tu. Sijalala vizuri. Nifanyeje?

Mchumi wa Ziwa: Saini, mdogo wangu. Msome Michael Kremer, mchumi wa Marekani. Kamaliza Harvard 1985, akaja kufundisha sekondari Kakamega, Kenya, mwaka mzima; PhD akaipata 1992. Baadaye yeye na wenzake wakagawa vitabu vya kiada kwenye baadhi ya shule za Busia, hukohuko Kenya, wakazilinganisha na zilizokuwa hazijapata. Wastani wa alama haukupanda; walionufaika ni waliokuwa wakifaulu tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa pale! Jambo hilo hulioni ukiwa ofisini Marekani. 2019 akapata Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Hilo debe lishike.

Bi Hesabu: Saini, ila debe peke yake halifungui mlango. Niko huku Marekani, mwaka wa 4 wa PhD. Wanatazama hesabu kwanza, halafu barua za maprofesa wanaoijua kazi yako. Ada isikutishe, vyuo vikubwa vingi vinakusamehe na kukulipa posho. Jiandae kwa muda: PhD miaka 5 au 6, kisha kama 6 au 7 ukiwa profesa msaidizi ndipo waamue ubaki au uondoke. Soma hesabu kila jioni, hata ukirudi umechoka.

Babu Takwimu: Na utunze kumbukumbu. Utafiti wa dawa za minyoo wa Kremer na Edward Miguel, shule 75 za Busia, ulichapishwa 2004. Mwaka 2015 wengine wakachambua upya takwimu zilezile, ubishi ukawa mkali. Kila unachobadilisha kwenye faili, kiandike.

Mleta uzi: Ahsanteni sana, nasaini. Nimeshaomba dodoso liongezwe debe, na kesho narudi kwa yule mama na mizani. Bi Hesabu, nianzie wapi?

Bi Hesabu: Matriki. Leo.