Bwana amekufa bila testama (wosia), familia inataka kuuza nyumba ya Katuba, Lubumbashi (Kongo): mgawo unakwendaje?

Mkaaji_Kamalondo:
Jambo bandugu. Kesi iko hivi. Marehemu hakuandika testama. Alifunga ndoa komine (ofisi ya manispaa), bila kuchagua mfumo wa mali. Ameacha mke, watoto watatu wa ndoa na mmoja wa nje aliyemtambua kwa karatasi akiwa hai. Katika wale wa ndoa, mmoja alimtangulia, naye ameacha watoto wawili. Mama mzazi wa marehemu yupo, baba hayupo, ndugu wa tumbo ni watano. Mali: nyumba moja Katuba, bei yake kama dola 40 000, na dola 8 000 benki, zote zilichumwa ndani ya ndoa. Deni hakuna. Baba mdogo wa marehemu alichukua sertifika (hati ya umiliki) ya nyumba siku ya kilio, eti aitunze, na sasa ameleta mnunuzi. Nani ana haki gani?

Karani_wa_zamani:
Msianze na kugawa, anzeni na kutenganisha. Waliooana bila kuchagua mfumo, sheria inawaweka katika komunote: kilichochumwa ndani ya ndoa ni cha wawili. Jumla ni 48 000. Nusu yake, 24 000, si urithi. Ni mali ya mjane mwenyewe. Ugomvi mwingi wa mjini hapa unatoka hapo, watu wanagawa nyumba nzima kama vile mjane alikuwa mpangaji.

Urithi ni 24 000 iliyobaki. Sheria ya Familia (ya 1987, ikarekebishwa 2016) inawapa watoto, ambao ni kundi la kwanza la warithi, robo tatu, yaani 18 000. Mtoto wa nje aliyetambuliwa baba angali hai anapata sawa na wa ndoa. Mafungu ni manne, kila moja 4 500. Lile la marehemu mtoto wanagawana wajukuu wawili, 2 250 kila mmoja.

Robo ya mwisho, 6 000, ni ya kundi la pili, lenye matawi matatu: mke, wazazi, ndugu. Yote yakiwepo, kila tawi linapata sehemu moja ya kumi na mbili, 2 000. Mama mzazi anachukua 2 000 peke yake; ndugu watano wanagawana 2 000, yaani 400 kila mtu. Kama mama mzazi angekuwa hayupo, matawi mawili yaliyobaki yangepata moja ya nane kila moja, 3 000.

Baba mdogo? Yuko kundi la tatu. Watoto wakiwepo hana hata senti. Najua kwa Wabemba na Walamba mpwa ndiye anayempyana (anayemrithi) mjomba, na kwenye kilio mtu anaweza kuvaa jina la marehemu; lakini tribunali (mahakama) haigawi nyumba kwa desturi hiyo.

Mama_wa_Ruashi:
Ongeza hili: mke aliyebaki ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake. Hata watoto hawamtoi. Nyumba ikipangishwa, kodi inakatwa nusu kwake, nusu kwa watoto.

Kuhusu karatasi: akti (cheti) ya kifo kwanza, komine. Halafu prosè-verbali (kumbukumbu ya kikao) ya baraza la familia yenye majina ya warithi WOTE, na wa nje pia. Ukimruka mmoja leo, kesho anakuja na avoka (wakili) na kazi yote inarudi mwanzo. Likidatere, msimamizi wa mirathi, kwa sheria ni mkubwa wa warithi. Akikataa, warithi wanachagua. Wakigombana, tribunali inateua. Huyo ni msimamizi tu: anakusanya, analipa madeni, anagawa. Baada yake mnaomba ordonansi ya investitiri (amri ya kuwatambua warithi kama wenye mali) Tribunali ya Grande Instance, ndipo konservateri (msajili wa hati za nyumba) anaandika sertifika mpya kwa majina ya warithi.

Kabla ya hapo hakuna wa kuuza. Baba mdogo kushika sertifika hakumfanyi mwenye nyumba, na kuuza nyumba ya mwingine ni kosa la jinai, linaitwa steliona. Andikieni konservateri haraka, mkiambatanisha akti ya kifo, asikubali mutasyo (kuhamisha umiliki) yoyote. Na mnunuzi aambiwe mbele ya mashahidi.

Mkaaji_Kamalondo:
Asanteni sana. Ndugu watano wanasema bila kuuza nyumba 400 zao hazitaonekana.

Karani_wa_zamani:
Zitaonekana, ziko benki. Zile 8 000, nusu ni ya mjane, 4 000 ni ya urithi. Mama mzazi 2 000 na ndugu 2 000 inafanya 4 000 kamili. Warithi wote wakikubali kwa maandishi, mama mzazi na ndugu wanalipwa na pesa hiyo, kila mmoja anasaini kupokea, na nyumba inabaki ya mjane na watoto peke yao. Ila benki haitatoa kitu bila karatasi alizotaja Mama wa Ruashi, kwa hiyo anzeni na komine.