Naomba ushauri: "renew" ibaki neno moja au igawanywe?

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa. Natafsiri mwongozo wa wanachama wa maktaba ya jamii, na kitenzi cha Kiingereza "renew" kimenikwamisha.

Kwa kadi ya uanachama nimeandika "huisha", kwa kuwa watu wamezoea kusikia kuhuisha leseni. Lakini kitabu ulichoazima hakihuishwi. Kinaongezewa muda tu, na ni kitabu kilekile. Halafu kuna rafu ya vitabu vya "renewable energy": niandike nishati jadidifu au mbadala? Mbadala naona haitoshi, maana nyuklia yaweza kuwa mbadala wa makaa ya mawe, ila urani haijirudishi kama jua na upepo. Hapo nimeamua jadidifu.

Kamusi zinanipa "fanya upya", ambayo kwenye kitufe cha simu inasomeka kama amri ya kurudia kazi. Nimetazama pia Biblia ya Union Version: Warumi 12:2 ina "kufanywa upya", Isaya 40:31 "nguvu mpya", na katika Zaburi 103:5 ujana "ukarejezwa kama tai". Watafsiri wale hawakung'ang'ania neno moja, na kwangu walifanya vyema. Msimamizi wangu, hata hivyo, anataka neno moja mwongozo mzima.

Je, msomaji akikuta "huisha" kwa kadi na "ongeza muda" kwa kitabu, atachanganyikiwa? Na ndugu wa Kenya, "huisha uanachama" inaeleweka kwenu, au mna neno jingine mnalolitumia kila siku?