Kufika Bequia: tuvuke siku ile ile au tulale St Vincent?

Bi Mwanaisha wa Toronto
Wanajukwaa, salaam. Mimi na mume wangu tunakusudia kwenda kupumzika Bequia, kisiwa kidogo cha nchi ya St Vincent na Grenadini, mwezi wa Februari. Hatutafuti ziara wala starehe za usiku. Tunataka kuogelea, kusoma na kulala mchana. Ndege yetu inatua St Vincent alasiri, na mwenye nyumba tuliyokodi anasema boti ya mwisho tutaiwahi. Je, tuunganishe siku hiyo hiyo? Na tukishavuka, tujihadhari na nini?

Nahodha Mstaafu
Dada, yategemea saa. Uwanja wa ndege wa Argyle, uliofunguliwa mwaka 2017, uko pwani ya mashariki, ilhali boti huondokea Kingstown, mji mkuu ulio kusini-magharibi, kwa hiyo baada ya uhamiaji, mizigo na forodha bado mtakuwa na safari ya teksi katika barabara yenye kona nyingi. Ndege ikitua kabla ya saa tisa, vukeni. Ikichelewa zaidi, mimi ningelala Kingstown, maana mtu aliyefika likizoni kwa kukimbizana na boti hatulii upesi. Jumapili na sikukuu boti huwa chache, basi ulizeni ratiba ya siku yenyewe. Kuvuka huchukua kama saa moja, na mlango ule wa bahari una mkondo mkali na upepo wa kaskazini-mashariki usiochoka. Kaeni nyuma ya boti, upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo. Wanaokaa joshini huteremka wamelowa chumvi.

Mtoto wa Malindi, Unguja
Natofautiana kidogo na nahodha, kwa sababu kuingia ghuba ya Admiralty jioni, mashua zikiwa zimetia nanga kila upande, ni sehemu ya mapumziko yenyewe, na gati liko katikati ya mji wa Port Elizabeth. Teksi za huko ni pikapu zilizofungwa mabenchi na paa nyuma. Aliyepanda chai maharage, magari ya abiria ya namna hiyo ya Unguja, hatashangaa. Kabla ya kupanda, ulizeni bei na pia ni dola ipi inayotajwa, kwani dola moja ya Marekani ni sawa na 2.70 za Karibiani Mashariki tangu mwaka 1976, na "hamsini" ya dereva inaweza kuwa hamsini mbili tofauti kabisa.

Ufukwe wa Princess Margaret mtaufikia kwa miguu, kwa njia ya Belmont inayopita kando ya maji. Hapo ndipo pa kujihadhari: fukwe za huko zina mti uitwao manchineel, wenye vitunda vya kijani vinavyofanana na matufaha madogo. Msivionje, na mvua ikinyesha msijikinge chini yake, kwa kuwa maji yanayodondoka hubeba utomvu wake na kuacha malengelenge ngozini.

Mama Salha
Mimi naongeza mambo ya mizigo na ya nyumbani. Msibebe nguo za madoa ya kijeshi, hata za mtoto, kwa sababu sheria ya nchi hiyo inawakataza wasio askari kuzivaa. Kisiwa hakina mto. Nyumba nyingi hutumia maji ya mvua yaliyokingwa mapaani, na Februari ni kiangazi, kwa hiyo ogeni kwa kiasi. Tena, kama pasi zenu bado ni za Kenya au Tanzania, msinunue tiketi inayopitia Marekani pasipo viza, kwani huko hata anayebadilisha ndege tu hupitishwa uhamiaji.

Bi Mwanaisha wa Toronto
Ahsanteni sana. Nimeitazama tiketi upya: tunatua saa kumi kasorobo, tena Jumapili. Mume wangu alikuwa upande wa Mtoto wa Malindi, lakini nimemwonyesha neno la nahodha kuhusu Jumapili na amekubali. Tutalala Kingstown, tuvuke Jumatatu asubuhi.

Nahodha Mstaafu
Vema. Asubuhi fikeni gatini mapema, na mzigo mkubwa mwachieni baharia ausitiri, ila begi la pasi na dawa msilitoe mkononi.