VJ, huyo dada alisema HAPANA. Hiyo NDIYO umeitoa wapi?

Wakuu, nimekaa na hasira hii wiki mbili nikidhani itapoa. Haijapoa. Naimwaga hapa, na atakayeona uzi ni mrefu apite tu.

Mimi nina laibrari ya muvi hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa asiyeijua kazi hii: unaleta flashi au simu, unachagua, nakujazia. Muvi moja shilingi 500, ukitaka msimu mzima wa Kikorea tunaelewana. Pembeni nachaji simu. Zinazotoka kuliko zote ni zilizotafsiriwa na ma-VJ, yaani wale wanaotia sauti yao ya tafsiri juu ya muvi, maana wateja wangu wengi hawana subira na Kiingereza cha Marekani, na yale maandishi ya chini ya picha kwenye kisimu kidogo hayasomeki. Kutoka Kampala tunaletewa za Kiganda, na kwa kuwa hapa mpakani Kiswahili ndicho kinachouza nyanya na kuamua ugomvi, tuna za Kiswahili pia.

Kwa hiyo sikuja kuwaponda ma-VJ wote. Wamenilipia kodi ya chumba miaka sita. Bibi yangu hakukanyaga shule hata siku moja, lakini Schwarzenegger anamjua kama anavyomjua muuza mkaa wetu, na waliomjulisha ni hao. Ni kipaji, nakubali. Mtu mmoja anaketi na maikrofoni, anashusha sauti ya muvi, anaigiza watu ishirini peke yake, anachomeka utani wa Kampala, bei ya sukari, boda boda, na ukumbi mzima unamfuata. Utaona tu kwamba malkia, mtoto wa kike, muuguzi na bibi kizee wote wanatoka kwenye koo la mwanaume mmoja anayebana sauti. Tangu nianze kazi hii sijamjazia mtu flashi hata moja yenye VJ mwanamke.

Jumapili ile nilimpelekea Hajji, mwenye kibanda cha kuonyeshea muvi, diski yake. Saa tisa mchana, ukumbi umejaa, mabati yanawaka, watoto wa P5, darasa la tano la msingi, wamebanana benchi la mbele kwa shilingi 300 kila kichwa. Ilikuwa inaonyeshwa muvi niliyomuuzia mimi mwenyewe. Niliinakili bila kuitazama, kama tunavyofanya siku zote.

Ni ya bosi na karani wake. Jioni, ofisini wamebaki wawili. Bosi anafunga mlango, anazungusha ufunguo, anautia mfukoni, na kamera inabaki kwenye ule mfuko muda ambao unaanza kukukera. Aliyeitengeneza alitaka tuuone ufunguo. Dada anarudi kinyumenyume mpaka nyonga inagonga meza, kopo la kalamu linaanguka, kalamu zinatawanyika sakafuni. Anasema "No". Anarudia. Mara ya tatu sauti inakatika katikati, inabaki pumzi.

Kumbukeni ile sauti ya asili haifutwi, hushushwa tu. Iko chini pale inasikika kama redio ya jirani. Na "No" si Kiingereza cha chuo kikuu, hata mtoto wa chekechea anaijua. Kila mtu mle ndani aliisikia.

Juu yake VJ akasema: "Eee stelingi! Mtoto anakwambia taratibu, majirani watasikia! Mdomo unakataa, moyo unakukaribisha!"

Ukumbi ukalipuka. Vicheko, miluzi, mtu anapiga benchi. Wale wa P5 wakacheka kwa sababu wakubwa wamecheka.

Mmeona alivyomwita? Stelingi, yaani shujaa wa muvi. Sote tuliokulia vibandani tunajua maana yake. Stelingi hafi. Stelingi akipiga, tumepiga sisi. Stelingi akipata demu, ni haki yake, ameutolea jasho. Aliyetengeneza muvi ile alimweka yule bosi kuwa adui, VJ akampandisha cheo kwa neno moja, na kuanzia hapo ukumbi ukawa upande wake. Tunaongea siku zote habari za mwongozaji na mwigizaji, lakini kibandani anayeamua nani stelingi ni mwenye maikrofoni.

Nilikaa mpaka mwisho kwa makusudi. Sehemu yote iliyobaki ni yule dada anahangaika na kesi: polisi, wakili, mahakama ndefu, mama yake mwenyewe hamwamini. VJ akatueleza kwamba amekasirika kwa sababu bosi hakumpa hela ya nyumba. Alipolia kizimbani: "Anataka kitita!" Jaji alipomfunga bosi: "Mnaona, wanaume, ubahili unafunga!" Muvi nzima imesimama juu ya neno moja la mwanamke mmoja, nayo imegeuzwa muvi ya ubahili.

Nikamfuata Hajji. Akaniambia, "Nyabo, watu wamecheka, wamelipa, wewe unanuna nini?" Nikampigia VJ, maana namba yao wanaitangaza katikati ya muvi. Simtaji hapa, msinisumbue faragha mkiuliza. Alipokea vizuri sana, akaniita dada. Nikamuuliza. Akasema, "Dada, mimi sitafsiri maneno, natafsiri hisia. Na wewe ni mwanamke, unajua. Mwanamke wa Kiafrika hasemi ndiyo."

Hapo ndipo damu ilipopanda. Ana robo ya ukweli, ndiyo inayouma. Ni kweli tumelelewa hivyo. Msichana mwenye adabu haitiki haraka, ukikubali siku ya kwanza wewe ni rahisi, angalia chini, kataa kidogo. Kwa Waganda mambo ya chumbani msichana alifundishwa na ssenga, shangazi wa upande wa baba, na wapo ma-ssenga waliofundisha hayohayo. Sawa. Sasa nihesabieni. Ndiyo nimekatazwa kuisema. Hapana nikisema inahesabiwa ndiyo. Nimebakiwa na neno gani? Nikohoe?

Na wavulana, ambao hawakuwa na ssenga, sasa wamempata. Ni VJ.

Siandiki hili kwa kubahatisha. Jumatano yake, mtoto wa kaka yangu, miaka 14, alikuwa dukani ananisaidia na waya za chaji. Akaja binti wa P7 kuchukua simu ya mama yake. Kijana akaishikilia simu kwa mkono mmoja, na wa pili akamkamata binti kifundo cha mkono, vilevile wanavyofanya kwenye zile za Kikorea, ambako mwanaume akimvuta msichana kifundo cha mkono muziki laini unaanza. Hapa hakukuwa na muziki. Binti akasema, "Niache." Kijana wangu akajibu, kwa sauti ya VJ kabisa, mpaka mkwaruzo wake: "Mdomo unakataa, moyo unakukaribisha." Wanaume wawili waliokuwa wanasubiri simu zao wakacheka. Kicheko kilekile cha Jumapili, ningekitambua hata gizani.

Binti hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake kama vile si wake.

Nilimzaba kofi yule mtoto, na sijisifu kwa hilo. Akanishangaa. "Shangazi, si ni muvi?" Hakuwa na hila. Kwake ulikuwa mstari mzuri, wa kuchekesha, umeshajaribiwa mbele ya watu mia wakapiga makofi. Na aliyeuingiza Busia kwa shilingi 500 ni shangazi yake.

Basi nikaenda kulalamika. Kwa mkubwa mmoja wa mtaa, mtu mzima, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kuna uchi ndani?"

Nikasema hapana, mzee, nguo zote zipo.

"Hata mapaja?"

Hata mapaja.

"Sasa mama, kosa liko wapi?"

Ndugu zangu, huyu mzee msimcheke. Nchi nzima ndivyo inavyoangalia. Mnaikumbuka sheria ya kupinga ponografia ya 2014, ile tuliyoibatiza sheria ya minisketi? Ilisainiwa Februari, na haikuchukua muda wanaume wakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani Kampala mchana kweupe, eti wanasaidia sheria. Yaani ili kukomesha uchi, wakaleta uchi. Ilibidi tusubiri mpaka 2021 Mahakama ya Katiba ifute vifungu vyake. Na kabla ya hapo, 2005, Baraza la Habari lilizuia mchezo wa jukwaani uliokuwa unaongelea miili ya wanawake na wanavyofanyiwa, ambao mapato yake yalikuwa yasaidie wanawake. Ulitaja sehemu za mwili kwa jina. Basi. Kukitaja kiungo ni haramu, kumshika mwenye kiungo kwa nguvu ni kichekesho cha Jumapili.

Tena msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Hollywood walikuwa na kanuni zao za maadili, zilizokazwa mwaka 1934 zikadumu hadi 1968. Zilibana mabusu ya kupitiliza, zilikataza mapenzi ya mweusi na mweupe. Chini ya kanuni hizohizo, mwaka 1939, ikapita Gone with the Wind, ambamo mume aliyelewa anambeba mkewe kupanda ngazi huku mke anajitahidi kujinasua, na asubuhi tunamwona mke kitandani anatabasamu, anaimba. Kelele iliyobaki kwenye historia ni ya tusi moja dogo mwishoni mwa filamu. Ngazi zilipita salama, na tuzo za Oscar zikafuata. VJ wangu hakubuni kitu, ametafsiri lile tabasamu la asubuhi.

Au chukueni ile filamu ya mwongozaji Bertolucci ya 1972, Last Tango in Paris. Binti Maria Schneider alikuwa na miaka 19, Marlon Brando ana 48. Wanaume wawili, mwongozaji na mwigizaji, walipanga asubuhi jambo la kumfanyia kwenye tukio la ubakaji, wakamficha, ili kamera ipate fedheha yake ya kweli. Bertolucci alikuja kulikiri mwenyewe mbele ya kamera mwaka 2013, baada ya binti kufa, ingawa binti alikuwa amelisema miaka mingi akiwa hai. Lakini mahakama ya Italia ilikuwa imeshaihukumu filamu ile 1976! Iliamuru nakala zichomwe, mwongozaji akapewa kifungo cha nje. Kwa kosa gani? Uchafu. Uchi. Yule mzee wa mtaa wetu angekaa pale kama jaji asingebadilisha hata nukta.

Kuna kingine kinanikereketa, na hiki ni cha sisi tunaoongea Kiswahili Uganda. Kwenye muvi za Kampala, na kwenye midomo ya ma-VJ wa Kiganda, mnajua Kiswahili kinaingia lini. Mlango ukivunjwa. "Fungua! Lala chini! Toa pesa!" Ni lugha ya askari na jambazi, deni la enzi za Amin na waliomfuata, wazee wetu bado wakisikia Kiswahili usiku wanazima taa. Mwaka 2022 serikali ikasema kifundishwe shuleni kwa lazima, nikafurahi kama mtu aliyezaliwa upya. Sasa ndiyo Kiswahili hiki wanachojifunza? Mwalimu wa P5 bado hajapatikana, ila VJ ameshafika, na somo la kwanza ni kwamba hapana maana yake karibu.

Najua majibu yanayokuja. "Ni utani tu." Kama ni utani tu, kwa nini hata bosi alipofungwa utani uliangukia ubahili, haukumgusa kwa alichomfanyia yule dada? "Mbona unaiuza?" Hilo nalikubali, liko juu yangu. Ile faili nimeifuta dukani, nimempa Hajji muvi mbili za bure ili afute yake, na sijui kama amefuta.

Halafu nikapata wazo, na ndilo hasa lililonileta hapa. Nakala ya asili ninayo, haina VJ. Nataka niitafsiri upya mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa utani pale penye utani, maana kuna shangazi mmoja wa kuchekesha sana ndani yake ambaye yule bwana alimruka kabisa. Maikrofoni ya simu nimenunua, sauti za wanawake nitazifanya mimi na mdogo wangu. Tatizo ni bosi. Nahitaji mwanaume wa kusoma maneno yake kama yalivyo pale mlangoni, bila kuongeza kitu.

Nimewaomba watatu. Wa kwanza ni kaka yangu, akasema ana kazi. Wa pili ni fundi simu jirani yangu, alisoma mistari minne akaweka karatasi chini. Nilimuuliza kuna nini, akasema bila kicheko yule bosi anasikika vibaya. Wa tatu anataka alipwe kwanza.

Aliye tayari aniandikie. Napatikana jioni baada ya saa moja, umeme ukiwepo.